Maswali ya Wasomaji: Himaya, Koloni, Mapinduzi na Maneno Mengine ya Historia ya Dunia

Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zinagusa jambo moja: maneno tunayoyatumia kuieleza historia ya dunia yana maana gani hasa, na yanatofautianaje. Hali hii ina sababu yake. Mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania husoma historia ya dunia kwa Kiingereza, akirudi nyumbani huizungumzia kwa Kiswahili, na safari hiyo ya kila siku humwachia maneno mengi aliyoyakariri bila kuyapima. Nimechagua barua saba. Baadhi nimezifupisha, na majina ya walioziandika nimeyahifadhi.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro: Mwalimu, shikamoo. Katika vitabu nimekuta Dola la Roma, Milki ya Roma na Himaya ya Roma. Je, ni kitu kimoja? Na ufalme unaingia wapi?

Marahaba, mwanangu. Umeuliza jambo ambalo hata waandishi wa vitabu hawajaafikiana, kwa hiyo usijilaumu kwa kuchanganyikiwa.

Tuanze na dola. Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, na huko asili yake ina maana ya kugeuka kwa zamu, yaani bahati inapomwondokea huyu na kumwendea yule. Ukoo wa Abbas ulipowaangusha Bani Umayya, watawala wa Waislamu wa wakati ule, mwaka 750 BK, neno hilo ndilo lililotumika kuutaja utawala wao mpya: zamu yao ilikuwa imefika. Katika Kiswahili cha leo dola ni mamlaka kamili yenye ardhi, serikali, sheria na nguvu ya kuzitekeleza sheria hizo, na ndiyo maana polisi na jeshi huitwa vyombo vya dola. Roma ilikuwa dola, Misri ya Mafarao ilikuwa dola, na Tanzania ni dola.

Milki ni jambo jingine. Mzizi wake ni kumiliki, na katika historia tunalitumia pale dola moja linapowatawala watu wa nchi na lugha nyingi ambao hapo mwanzo walikuwa na tawala zao wenyewe. Sisilia iliingia mikononi mwa Roma mwaka 241 KK. Misri ikafuata mwaka 30 KK baada ya kifo cha malkia Kleopatra. Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita bila kuliona. Roma ilipoichukua Sisilia haikuwa na mfalme wala kaisari, bali ilikuwa jamhuri iliyoongozwa na baraza la wakuu pamoja na maofisa waliochaguliwa kila mwaka. Milki, basi, hueleza nani anamtawala nani. Ufalme na jamhuri hueleza namna mkuu wa nchi anavyopatikana. Nchi inaweza kuwa jamhuri na papo hapo ikawa na milki, kama Ufaransa ilivyokuwa ilipozitawala Algeria, Senegali na Vietnam. Hata neno kaisari, tunalolijua sana kutoka katika Injili, lilianza kama jina la ukoo wa Julius Caesar kabla halijageuka kuwa cheo.

Ongeza na nasaba katika daftari lako. Nasaba ni ukoo unaorithishana kiti. Nchini China nasaba ya Ming ilitawala kuanzia mwaka 1368 hadi 1644, ikafuatwa na nasaba ya Qing hadi 1912. Nasaba ilibadilika, dola la China likaendelea.

Linabaki himaya, na hapa nina msimamo. Asili yake ni ulinzi. Mtu anaposema yuko chini ya himaya ya Mwenyezi Mungu, hamaanishi kwamba amevamiwa. Waandishi wengi sasa wanalitumia kwa maana ile ile ya milki, na matumizi hayo yameenea kiasi kwamba huwezi kuyaita kosa. Mimi hulikwepa, kwa sababu katika historia yetu wenyewe neno la ulinzi liliandikwa katika mikataba likiwa na maana mahususi ya kisheria, na anayelichanganya na milki hataielewa mikataba hiyo. Barua inayofuata inalionyesha hilo vizuri kuliko ninavyoweza kulieleza.

Mzazi, Mombasa: Marehemu babu yangu alikuwa akisema kwamba Mombasa haikuwahi kuwa koloni la Mwingereza. Binti yangu aliulizwa katika jaribio hadhi ya kisheria ya Mombasa mwaka 1950, akaandika kama alivyosikia kwa babu, akakosa. Nani yuko sahihi?

Kwa swali lililoulizwa, babu yuko sahihi, na binti yako alistahili alama yake.

Koloni ni ardhi ambayo dola la kigeni limeichukua na kuihesabu kuwa sehemu ya milki yake, bila kumtambua mwenyeji yeyote kuwa mtawala wa juu. Neno lenyewe linatoka katika Kilatini, ambako colonia ilikuwa mahali Waroma walipopewa mashamba ya kulima mbali na kwao. Nchi lindwa, ambayo wengine huiita nchi ya himaya, ni mpango tofauti: mtawala wa asili anabaki na kiti na bendera yake, lakini anatia saini mkataba unaokabidhi mambo ya nje na ulinzi kwa dola la kigeni. Katika karatasi yeye bado ni mtawala. Kwa vitendo mkono wa mgeni huingia kila mahali.

Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza Nchi Lindwa ya Afrika Mashariki. Mwaka 1920 eneo kubwa la bara likageuzwa kuwa Koloni la Kenya, lakini ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, yaani kama kilomita 16, haukuweza kugeuzwa kwa sababu kisheria ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, na Uingereza ilikuwa ikimlipa kodi ya kila mwaka kwa kuutawala. Ukanda huo ukaitwa Nchi Lindwa ya Kenya, na bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu hadi mwaka 1963. Mtu aliyepanda treni Mombasa kwenda Voi mwaka 1950 alitoka katika nchi lindwa akaingia katika koloni bila kuona lango wala mpaka, akiwa chini ya gavana yule yule. Hapo ndipo penye uzito wa hoja ya mwalimu: maisha ya mwananchi hayakuonyesha tofauti kubwa. Hata hivyo, tofauti hiyo ya kwenye karatasi ndiyo iliyozaa mjadala mkali wa mwambao miaka ya mwanzo ya 1960, wakati baadhi ya watu wa pwani walipodai wasiunganishwe na bara, na mwaka 1963 ukanda ule ukalazimika kufanyiwa makubaliano yake kabla Kenya haijapata uhuru ikiwa nchi moja. Asiyejua maana ya nchi lindwa hawezi kueleza madai yale yalitoka wapi.

Zanzibar yenyewe ilikuwa nchi lindwa tangu 1890, na Uganda tangu 1894. Tanganyika ilipita njia nyingine. Wajerumani waliziita nchi zote walizozitwaa Afrika kwa neno lenye maana ya maeneo yanayolindwa, na ni katika eneo hilo lililodaiwa kulindwa ndipo watu walipolazimishwa kulima pamba hadi Vita vya Maji Maji vikazuka mwaka 1905. Neno lilisema ulinzi, na kiboko kilisema jambo jingine. Baada ya Ujerumani kushindwa, Shirikisho la Mataifa liliikabidhi Tanganyika kwa Uingereza mwaka 1922 kama amana, si kama mali, na mwaka 1946 Umoja wa Mataifa ukaifanya nchi ya udhamini. Mdhamini hutoa hesabu. Uingereza ilipaswa kuwasilisha taarifa kila mwaka, ujumbe wa ukaguzi ulitumwa, na wananchi walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yao moja kwa moja. Ndiyo maana Mwalimu Julius Nyerere aliweza kusimama mbele ya Baraza la Udhamini jijini New York mwezi Machi 1955 na kudai kwamba nchi yake iandaliwe uhuru. Viongozi wa Kenya hawakuwa na baraza la namna hiyo, kwa kuwa Kenya haikuwa chini ya udhamini. Neno moja la kisheria lilifungua mlango ambao jirani hakuwa nao.

Msomaji wa Bukavu ameuliza jambo linalokaribiana na hili, nami nalijibu hapa hapa. Kongo haikuwa koloni la Ubelgiji tangu Mkutano wa Berlin. Kuanzia 1885 hadi 1908 iliitwa Dola Huru la Kongo, na mwenye mamlaka yote alikuwa Mfalme Leopold wa Pili yeye binafsi, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi hiyo. Ni baada ya kilio cha dunia kuhusu mateso ya wavuna mpira ndipo nchi ya Ubelgiji ilipoichukua mwaka 1908 na kuifanya koloni, hadi uhuru wa tarehe 30 Juni 1960. Anayeyaita yote hayo ukoloni wa Ubelgiji anafuta miaka 23 ambayo mwenye kuwajibika alikuwa mtu mmoja.

Mwanachuo, Arusha: Ukoloni na ubeberu vinatofautianaje? Mhadhiri wetu huyatumia maneno haya kama pacha.

Ni ndugu, lakini si pacha. Ukoloni unahitaji gavana, bendera na mkuu wa wilaya. Ubeberu, neno tulilolitoa kwa dume la mbuzi anayewasukuma wenzake kwa pembe, ni tabia pana zaidi ya dola lenye nguvu kuyatawala mengine kiuchumi au kisiasa, likiwa na makoloni au bila makoloni. Mfano ulio wazi ni China. Katika Vita vya Afyuni vya 1839 hadi 1842 Uingereza iliishinda China kwa manowari, na Mkataba wa Nanjing wa 1842 ukailazimisha kufungua bandari tano kwa biashara, kukabidhi kisiwa cha Hong Kong na kulipa fidia. Kwa miaka mingi baadaye hata idara ya forodha ya China iliongozwa na Mwingereza. Hong Kong ilikuwa koloni. China nzima haikuwa koloni hata siku moja, ila ilikuwa chini ya ubeberu. Afyuni yenyewe ndiyo wazee wetu waliyoiita kasumba, na tunaposema leo kwamba mtu ana kasumba ya kikoloni, tunalitumia jina la kileo kile kile kuelezea akili iliyolewa.

Mwalimu wa shule ya msingi, Unguja: Niliwapeleka wanafunzi kwenye msikiti wa kale wa Kizimkazi. Maandishi ya ukutani yanataja mwaka 500 Hijria. Wakajumlisha 622 wakapata 1122, lakini vitabu vinasema 1107. Je, vitabu vimekosea? Na ninawaelezaje KK na BK bila kuwachanganya?

Vitabu viko sahihi, na wanafunzi wako wamefanya kosa zuri, kwa sababu ukilifuatilia linakufundisha kalenda nzima.

Mwaka wa Hijria hufuata mwandamo wa mwezi na una siku 354 au 355, ilhali mwaka wa jua una siku 365 au 366. Kila mwaka wa Hijria ni mfupi kwa karibu siku 11. Siku 11 ni chache, lakini zikijikusanya kwa miaka 500 zinafikia karibu miaka 15, na hiyo ndiyo tofauti kati ya 1122 waliyoipata na 1107 iliyomo vitabuni. Kwa darasa la msingi wafundishe hesabu hii: chukua mwaka wa Hijria, uzidishe kwa 0.97, kisha ujumlishe 622. Mara 500 kwa 0.97 unapata 485. Ongeza 622, unapata 1107. Njia hii inaweza kukosea kwa mwaka mmoja, kwa kuwa mwaka wa Hijria huanzia ndani ya mwaka mmoja wa jua na kumalizikia mara nyingi ndani ya mwingine, lakini inatosha kabisa kwa kusomea ukuta wa matumbawe.

KK ni Kabla ya Kristo na BK ni Baada ya Kristo. Yapo mambo mawili ya kuwakazia. La kwanza ni kwamba miaka ya KK huhesabiwa kwa kushuka: mwaka 241 KK ulitangulia mwaka 30 KK. La pili ni kwamba hakuna mwaka sufuri; mwaka 1 KK ulifuatwa moja kwa moja na mwaka 1 BK. Chora mstari ubaoni, uandike kwamba Julius Caesar aliuawa mwezi Machi 44 KK na kwamba Augusto, mrithi wake, alifariki mwezi Agosti 14 BK, kisha waulize ni miaka mingapi ilipita kati ya vifo hivyo viwili. Karibu wote watajumlisha na kusema 58. Wahesabishe kwa vidole kwenye mstari huo huo, nao wataipata 57.

Kuhusu karne, kosa la kila siku ni kusema kwamba mwaka 1498 uko katika karne ya 14. Karne ya kwanza ilianza mwaka 1 ikaisha mwaka 100, hivyo karne ya 15 ni kuanzia 1401 hadi 1500, na 1498 umo humo.

Msomaji, Mwanza: Tunasema Mapinduzi ya Ufaransa, Mapinduzi ya Viwanda, Mapinduzi ya Zanzibar, na redio nayo ikitangaza kwamba askari wameteka ikulu husema mapinduzi. Inawezekanaje neno moja likabeba yote hayo?

Linabeba kwa sababu Kiswahili kimelijenga kutoka katika kitendo kinachoonekana kwa macho. Kupindua ni kukigeuza kitu kichwa chini, kama mashua iliyopigwa na wimbi. Lakini mashua ikipinduka, kila kilichomo humwagika. Serikali ikipinduliwa, mara nyingine anamwagika nahodha peke yake. Msomaji wa historia anapaswa kuuliza kila mara: ni nini kilichomwagika?

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alitwaa madaraka nchini Uganda wakati Rais Milton Obote yuko Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Hayo ni mapinduzi ya kijeshi: jeshi linamwondoa mkuu wa serikali na kukaa mahali pake. Wenye ardhi wanaweza kubaki wenye ardhi na maskini kubaki maskini, angalau siku ya kwanza. Ufaransa ya 1789 ilikuwa jambo jingine kabisa. Usiku wa tarehe 4 Agosti bunge lao lilitangaza kuzifuta haki za ukabaila, yaani mfumo ambao wengine huuita umwinyi, ambamo mwenye ardhi humdai mkulima malipo, kazi na utii. (Wenyeji wa Kagera hawahitaji kusafiri hadi Ufaransa kuuelewa mfumo huo, wazee wao waliujua mpango wa nyarubanja, ambamo mtwana alilima shamba la mwingine.) Mwaka 1792 ufalme ulifutwa, mwezi Januari 1793 mfalme akauawa, na hata majina ya miezi yakabadilishwa. Katika sehemu ya kisiwa cha Karibi iliyotawaliwa na Ufaransa hiyo hiyo, watumwa waliinuka mwaka 1791 na kufikia tarehe 1 Januari 1804 walikuwa wameunda nchi huru ya Haiti. Sijui tukio jingine linalostahili zaidi jina la mapinduzi kuliko hilo, na linasikitisha kwamba wanafunzi wetu wengi humaliza shule bila kulisikia.

Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 yalichukua saa chache kuiangusha serikali, na mtu angeweza kuyahesabu kuwa ya kundi la kwanza. Lakini kilichofuata kinayaweka katika kundi la pili: usultani ulikwisha, ardhi ikataifishwa na kugawiwa wakulima eka tatu tatu.

Mapinduzi ya Viwanda hayana siku wala kiongozi. Yalianza Uingereza katika nusu ya pili ya karne ya 18, kwa makaa ya mawe, mashine za kusokota pamba na injini ya mvuke iliyoboreshwa na James Watt, yakaendelea kwa vizazi. Neno ni halali kwa sababu maisha yalipinduka kweli: watu waliokuwa wakifuata jua na mvua walianza kufuata kengele ya kiwanda.

Mageuzi yasichanganywe na mapinduzi. Kugeuza ni kubadili mwelekeo huku chombo kikiendelea kuelea. Tanzania ilipoingia katika vyama vingi mwaka 1992 tulisema mageuzi, na tulisema sawasawa. Kwa upande wa dini, harakati iliyoanzishwa na Martin Luther mwaka 1517 huitwa Matengenezo, kwa sababu nia yake ya mwanzo ilikuwa kulitengeneza Kanisa, si kuligawanya.

Umeuliza pia pembeni kwa nini Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi yalikuwa yakisherehekewa mwezi Novemba. Urusi ya mwaka 1917 ilikuwa bado inatumia kalenda ya kale ya Juliasi, iliyokuwa nyuma kwa siku 13. Tarehe 25 Oktoba kwao ilikuwa tarehe 7 Novemba kwa wengine. Mwaka uliofuata wakabadilisha kalenda, jina likabaki.

Msomaji, Malindi: Ni sahihi kuandika kwamba Vasco da Gama aligundua njia ya kwenda India?

Kugundua ni kukijua kitu kilichokuwa hakijulikani, kwa hiyo ni lazima useme hakijulikani kwa nani. Vasco da Gama alifika kwenu mwezi Aprili 1498, akapewa rubani na mtawala wa Malindi, na mwezi Mei alikuwa Kalikut, pwani ya India. Mtu haongozwi na rubani katika njia asiyoijua mtu yeyote. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa wakivuka kwa pepo za kaskazi na kusi kwa zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Alichokiunganisha yeye ni njia ya bahari kutoka Ulaya kwa kuzunguka kusini mwa Afrika, na hilo ni jambo kubwa lisilohitaji kutiwa chumvi. Andika kwamba Wareno walifika, au kwamba walifungua njia ya bahari kati ya Ulaya na India. Columbus naye alifika Karibi mwaka 1492 akawakuta watu, mashamba na vijiji.

Mzazi, Tanga: Mwanangu aliulizwa, "Eleza vyanzo vya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia." Akaandika barua za mabalozi, magazeti ya wakati ule na picha. Amepewa sufuri. Naye anasema amejibu swali. Pia nieleze: vita hiyo iliisha lini hasa?

Mwanao amejibu swali alilolisoma. Kosa liko katika swali. Chanzo ni mahali jambo linapoanzia, kama chanzo cha mto, na katika somo la historia neno hili limepewa kazi mbili: asili ya tukio, na mahali tunapopata habari za tukio. Barua ya balozi ya mwaka 1914 ni chanzo cha awali, maana imeandikwa na mtu aliyekuwapo. Kitabu kilichoandikwa miaka 50 baadaye kwa kuzisoma barua hizo ni chanzo cha upili. Kwa maana ya pili ya neno, kijana wako ametaja vyanzo vitatu safi kabisa. Kwa kilichosababisha jambo kutokea, tuna neno sababu, na ninawasihi walimu wenzangu walitumie.

Sababu nazo zina daraja. Sababu za msingi za vita ile zilijengeka kwa miaka mingi: miungano ya kijeshi iliyolifunga kila dola kubwa na mwenzake, mashindano ya silaha, kugombea makoloni, na moto wa utaifa katika nchi za Balkani. Sababu ya papo kwa papo ilikuwa risasi ya Gavrilo Princip iliyomuua Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria na Hungaria, mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Ulipita mwezi mzima kabla Austria na Hungaria haijatangaza vita dhidi ya Serbia tarehe 28 Julai, na mwezi huo unatuonyesha kwamba cheche peke yake haikutosha. Walikuwapo watu waliokaa wakaamua. Kufikia Novemba mwaka huo huo mizinga ilikuwa ikilia katika mji wako wa Tanga.

Kuhusu mwisho wake, unahitaji maneno matatu. Kusitisha mapigano kulitiwa saini nchini Ufaransa na kuanza kutumika saa 5 asubuhi tarehe 11 Novemba 1918. Kujisalimisha kwa jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki kulifanyika tarehe 25 Novemba, mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Tarehe 13 Novemba, siku mbili baada ya bunduki za Ulaya kunyamaza, askari wa kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa bado wanaingia Kasama, katika Zambia hiyo hiyo ya leo. Mkataba wa amani na Ujerumani ulitiwa saini Versailles tarehe 28 Juni 1919, miaka mitano kamili tangu siku ya Sarajevo. Kwa wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi hayo, wale ambao jina la kikosi chao cha upande wa Waingereza, Carrier Corps, limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam, tarehe ya Ufaransa haikuwa na maana. Waliendelea kutembea na mzigo kichwani. Mwanao akiandika 25 Novemba na kutaja Abercorn, apewe alama zake. Akiandika 11 Novemba apewe pia, ila aongeze ni mwisho wa nini, na ni mahali gani.